Barua ilitaja kiwanja, haikutaja kifusi: yaliyotukuta Tanga

#1 Msimamizi wa Saiti

Wanajamvi, salaam. Naandika kutoka Tanga mjini. Uzi ni mrefu, nawaomba mnivumilie. Nimejaribu kuufupisha nikajikuta nakata yale yale yenye maana.

Kazi yangu ni kusimamia saiti za ujenzi, huu mwaka wa kumi na saba. Mwaka jana nilikuwa kwenye saiti moja upande wa Gofu, kiwanja ambacho kwa miaka mingi kilikuwa gereji ya malori. Mwenye kiwanja anajenga ghorofa tatu, chini maduka. Hati ipo, kibali cha ujenzi kipo, michoro imegongwa mihuri yote. Siku ya tatu ya kuchimba msingi, kijiko kiliposhuka kama mita moja na nusu, udongo ukageuka. Juu ulikuwa mwekundu wa kawaida, chini ukatoka mweusi, umeshikana kama uji wa ulezi uliolala, na harufu ya dizeli ikafika hadi barabarani. Tulipozidi kuchimba tukakuta mapipa mawili yaliyooza na kipande cha bomba la chuma.

Nilimwambia mkandarasi tusimame kwanza. Akajibu kwamba oili ya zamani haina neno, pakieni. Tipa zikapakia. Karatasi za safari nilisaini mimi, kumi na moja. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nasimulia makosa ya wengine tu.

Sasa, anayeijua Tanga anajua kwamba kifusi hapa hakitupwi, kinagombewa. Watu wa viwanja vya bondeni wanakisubiri mwaka mzima wafukie kabla ya masika. Dereva anapigiwa simu, anapewa hela ya soda, anamwaga. Hivyo ndivyo udongo ule ulivyogawanyika kwenye viwanja vitatu vya watu, kimoja wapo cha bimkubwa mmoja mwenye kisima uani. Kifusi kimemwagwa hatua kama kumi kutoka mdomo wa kisima.

Baada ya siku mbili mtu alipiga simu. Akaja afisa mazingira, baadaye wakaja wakaguzi, na barua ya kwanza ikafika: simamisha uchimbaji, funika udongo uliobaki, tafuta mtaalamu aliyesajiliwa, pima, leta taarifa. Kazi ikalala wiki sita. Mtaalamu akapima kuta na sakafu ya shimo, udongo mwingine ukaondolewa kwa utaratibu, ikaja barua ya pili kwamba kilichobaki shimoni kimekidhi viwango na ujenzi uendelee kwa masharti. Tukashangilia. Nilishangilia na mimi.

Wiki tatu baadaye bimkubwa yule akaja saiti na ndoo. Maji yake yana utando juu unaocheza rangi. Mkandarasi akaingia ofisini, akatoa nakala ya barua ya pili, akampa na kumwambia: "Mama, serikali imeshasema pako safi." Bimkubwa aliishika ile karatasi kwa heshima zote, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso, akaondoka na ndoo yake.

Hapo ndipo nilipoumia. Barua ile haikusema uongo hata mstari mmoja. Iliulizwa shimo likoje sasa, ikajibu kuhusu shimo. Hakuna aliyeiuliza tipa kumi na moja zilikwenda wapi. Naomba tulijadili hili, kwa sababu naona mji unajengwa upya juu ya magereji na makarakana ya zamani, na barua za namna hii zitazidi kuwa nyingi mikononi mwa watu.

#2 Mwambao

Pole sana kaka. Mimi swali langu ni la mtu wa kawaida. Kuna barua ngapi katika mambo haya? Maana kila mtu anasema "nina barua ya mazingira" kama vile ni moja.

#3 Msimamizi wa Saiti

Swali zuri, Mwambao, na mkanganyiko unaanzia hapo hapo.

Msingi wa yote ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Sura ya 191. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Nimekianza hicho kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wanadhani sheria hii ni ya viwanda na migodi, kumbe bimkubwa na kisima chake wamo tangu kurasa za mwanzo. Sheria hiyo pia inasimama kwenye kanuni kwamba aliyechafua ndiye anayelipa.

Karatasi ya kwanza ambayo watu huita barua ya mazingira ni cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, wenyewe tunaita TAM. Hicho hutolewa kabla ya mradi. Kanuni zake ni za 2005, zikarekebishwa 2018, na miradi ikapangwa kwa makundi kulingana na ukubwa wa athari. Cheti hiki kinazungumzia mradi wako utakavyofanya mazingira yawe. Kinaweza kabisa kutolewa kwa jengo zuri juu ya udongo mbovu, kama aliyeandika tathmini hakuuliza kiwanja kilikuwa nini zamani. Kibali cha ujenzi ndiyo kabisa hakina habari na udongo kuwa na sumu.

Kisha zipo amri. Mkaguzi akikuta hatari anaweza kukuzuia usiendelee, na ipo amri ya kurejesha mazingira, yaani uyarudishe yalivyokuwa kadiri inavyowezekana. Hii ya kurejesha ndiyo watu wengi hawaijui, nayo ndiyo yenye meno kwa jambo letu, kwa kuwa haifungwi na uzio wa kiwanja chako.

Na mwisho ndiyo ile barua ya kuruhusu, ambayo kila mkandarasi anaitia kwenye fremu. Ukiipata, usisome mstari wa "mnaruhusiwa" peke yake. Soma inataja kiwanja namba ngapi, kina gani kilipimwa, walipima kemikali zipi, ni kwa matumizi gani. Udongo unaoweza kukaa chini ya sakafu ya zege ya duka si lazima ufae kwa bustani ya mchicha. Soma pia masharti. Ya kwetu ilisema tusichimbe kisima ndani ya kiwanja na tukikuta udongo mwingine wa namna ile tusimame na kutoa taarifa. Nimeuliza mafundi wangu ishirini na wawili: hakuna aliyewahi kusomewa masharti hayo. Yalikuwa ofisini kwenye faili.

#4 Chupa ya Kioo

Nafanya kazi maabara, nisingependa kusema wapi. Niongezee pale kwenye vipimo, maana barua haiwezi kuwa bora kuliko chupa ya sampuli.

Mafuta yakimwagika ardhini hayabaki kitu kimoja. Petroli ina benzini, nyepesi, inaruka hewani na inayeyuka kwenye maji kwa urahisi kuliko sehemu nyingine za mafuta. Benzini inasababisha saratani ya damu, hilo halina ubishi. Dizeli ni nzito zaidi, inang'ang'ania udongo. Oili chafu ya gereji ndiyo mbaya kwa namna yake, maana imepita ndani ya injini na kubeba madini: risasi, kadimiamu, zinki, pamoja na masizi yenye kemikali za kansa. Gereji za zamani zina mzigo wa ziada, kwa kuwa petroli yenyewe ilikuwa ikitiwa risasi hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dizeli huliwa na bakteria polepole ikipata hewa na unyevu. Risasi hailiwi na kitu. Itakaa pale hadi mtu aiondoe, na kwa mtoto mdogo anayechezea udongo na kutia vidole mdomoni, inadhuru ubongo hata kwa kiasi kidogo.

Sasa tazama sampuli zinavyoletwa. Mtu anachota udongo kwa koleo, anautia kwenye mfuko wa nailoni, anauacha nyuma ya pikapu kuanzia asubuhi, jua la Tanga mnalijua. Akifika maabara benzini imekwisha kuruka. Tunapima tulicholetewa, jibu linatoka chini ya kiwango, barua inaandikwa. Hakuna aliyedanganya, ila ukweli umebaki barabarani. Sampuli ya vitu vinavyoruka inatakiwa chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, ijazwe hadi juu pasibaki hewa, iwekwe kwenye boksi la barafu, ifike upesi. Na karatasi ya makabidhiano iandikwe: nani amechota, saa ngapi, kina gani, nani amepokea.

Jambo la pili, kuchanganya. Wengine wanachota sehemu tano, wanachanganya, wanaleta moja ili kupunguza gharama. Doa bovu moja likichanganywa na sehemu nne safi linapotea. Kaka Msimamizi, ukiweza kuiona taarifa ya vipimo vya shimo lenu, angalia kama ni sampuli mojamoja au mchanganyiko. Viwango vya ubora wa udongo tunavyo kikanuni tangu 2007, kwa hiyo namba za kulinganisha zipo. Kinachotuangusha ni uchotaji.

#5 Dalali Ngamiani

Wakuu, mimi naishi kwa kuuza viwanja, na nasema bila kuficha kwamba uzi huu umeninyima usingizi. Miezi miwili iliyopita nimemuuzia mwalimu mmoja kiwanja kilichokuwa na sheli ndogo zamani. Pampu ziliondolewa, mimi sikuwaza matangi. Mnunuzi atajuaje? Na dalali mwenye nia njema aseme nini?

#6 Msimamizi wa Saiti

Dalali, nashukuru umesema. Mpigie mwalimu kesho asubuhi kabla hajaita fundi wa kuchimba choo. Tangi la chuma lililozikwa linaliwa na kutu, na ukanda wetu wa pwani una chumvi. Kama matangi yapo bado, kuyatoa ni kazi ya watu wenye ujuzi, mvuke uliobaki ndani unalipuka. Asije akachomelea wala kukata.

Kuhusu kujua: hakuna kipimo cha kwanza kinachoshinda mzee wa mtaa. Kaa barazani uulize hapa palikuwa nini mwaka 1975, palikuwa nini 1990. Tanga ni mji wa kazi tangu reli ilipoanza kujengwa hapa 1893, na mkonge uliletwa nchini mwaka huo huo. Mji wa namna hiyo una karakana, maghala, stoo za dawa, vituo vya mafuta vilivyokufa, majosho ya ng'ombe huko mashambani. Josho la zamani msilidharau, kuna zama ng'ombe waliogeshwa kwa dawa ya aseniki, ambayo ni sumu, baadaye dawa za kuua wadudu za jamii ya DDT. Majengo ya zamani yenye bati za asbesto nayo yana utaratibu wake wa kuvunja, usiruhusu vijana wazipige nyundo.

Wala tusidhani tunatunga. Old Korogwe, hapa hapa mkoani kwetu, palikuwa na ghala la viuatilifu, na watafiti wamekuta mabaki ya DDT kwenye udongo wake. Vikuge kule Kibaha vivyo hivyo, dawa za msaada zilihifadhiwa vibaya, ghala likaisha, sumu ikabaki ardhini kwa miongo. Yote mawili yalianza kama stoo tu.

Na kuna jambo la Tanga lenyewe. Chini yetu ni mawe ya chokaa na matumbawe. Aliyeingia Mapango ya Amboni ameona maji yanavyolitoboa jiwe hilo. Kwenye mfinyanzi mafuta yanakwenda polepole, unapata muda. Kwenye jiwe lenye nyufa yanashuka kama maji kwenye kifuu kilichotoboka, na huwezi kukisia yatatokea kisima cha nani. Ndiyo maana hatua kumi kutoka kisima cha bimkubwa zinanitia hofu kuliko ambavyo zingenitia mahali pengine.

#7 Mtanga Ughaibuni

Nimesoma yote nikiwa kazini, New Jersey, Marekani. Huku nafanya kazi ya kuchimba kwenye saiti za viwanda vya zamani, kwa hiyo ngoja niseme kidogo.

Hapa zamani idara ya mazingira ya jimbo ilikuwa inatoa barua, kwa maana ya Kiswahili ni "hakuna hatua zaidi inayotakiwa". Tangu sheria ya 2009 kazi ya kutoa karatasi hiyo wamepewa wataalamu wenye leseni, na idara inabaki na uwezo wa kukagua na kuifuta. Nilichojifunza ni kwamba barua hizi huku zina mlango wa nyuma ulioandikwa wazi: kukitokea taarifa mpya, jambo linafunguliwa tena. Uingereza nako wana utaratibu wao chini ya sheria yao ya 1990, na unategemea sana ardhi inatumika kwa kazi gani.

Ila kinachowahusu ninyi ni karatasi ya lori. Saiti zangu huku, lori lililobeba udongo wenye mafuta halitoki getini bila waraka unaosema udongo umetoka wapi, uzito wake, unakwenda wapi, na anayepokea anasaini kwamba umefika. Waraka unarudi saiti. Usiporudi, unatafutwa. Barua ya mwisho inaambatanishwa na hizo nyaraka zote. Kwa hiyo Msimamizi, zile karatasi zako kumi na moja usizione kama aibu. Hizo ndizo ramani. Bila hizo, nani angejua udongo ulimwagwa wapi?

#8 Wa Bondeni

Assalaam alaykum. Nimekaa kimya toka jana. Mimi ni mtoto wa mmoja wa wale watatu waliomwagiwa kifusi. Siyo wa kisima, wa jirani yake.

Mama yangu anasema asilaumiwe mtu, tuliomba wenyewe, na dereva alitufanyia hisani. Masika iliyopita maji yalifika kitandani. Safari hii hayakufika. Sasa mnatuambia tulichofukia nacho ni sumu. Tukiondoa, maji yanarudi. Nani atatuletea udongo mwingine? Nauliza kwa heshima, kaka Msimamizi, kwa sababu saini ni yako.

#9 Msimamizi wa Saiti

Waalaykum salaam mdogo wangu. Mfikishie mama shikamoo yangu. Saini ni yangu, na sitaikana.

Mama hana kosa lolote. Aliomba udongo, hakuomba oili. Aliyekuwa anajua harufu ya udongo ule ni sisi tuliokuwa shimoni. Kuhusu nani atalipa, sheria haisemi aliyepokea, inasema aliyechafua. Kwa hiyo kuondoa na kuleta udongo safi wa kufukia tena ni madai moja, msikubali yatenganishwe. Wakija kuwaambia wataondoa tu, waambieni mnataka iandikwe na ya kurudishia.

Kwa sasa, kabla ya yote: watoto wasichezee pale, kuku wasichakure pale, msipande mboga, na kama mnaweza funikeni kwa turubai ili mvua isizidi kuosha. Maji ya jirani yenu yasitumike kunywa wala kupikia. Kuyachemsha hakusaidii; kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi mafuta wala risasi, na mvuke wake mnauvuta jikoni.

#10 Mwambao

Kaka, basi andika barua. Umetufundisha kusoma barua zao, na sisi tuandike ya kwetu.

#11 Msimamizi wa Saiti

Nimerudi baada ya siku tisa.

Tuliandika. Tulikaa nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa, bimkubwa, Wa Bondeni na mama yake, familia ya tatu na mimi. Bimkubwa alifungua pindo la leso akatoa ile nakala, bado imekunjwa vile vile. Tukaisoma wote kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika mwenyekiti kwenye namba ya kiwanja akanyamaza, akairudia mara mbili, akasema: "Hii namba si ya mtaa wetu." Bimkubwa akauliza: "Kwa hiyo mimi sikuandikiwa?" Nikamjibu hapana mama, hukuandikiwa.

Barua yetu ni kurasa moja na nusu. Hatukuweka matusi wala maneno makubwa. Tumeeleza udongo ulitoka kiwanja gani, tarehe gani, kina gani, tipa ngapi, ulimwagwa wapi, kisima kiko umbali gani, na maji yalianza kubadilika lini. Tumetaja namba ya kumbukumbu ya barua ya pili na kusema wazi kwamba hatuipingi, ila haikugusa udongo ulioondoka. Tumeomba mambo matatu: vipimo vya viwanja vitatu na kisima kwa sampuli mojamoja, amri ya kurejesha, na majibu kwa maandishi yanayotaja kila kiwanja kwa jina la mtaa na mwenye nyumba wake. Nimeambatanisha nakala za karatasi zote kumi na moja, saini yangu ikionekana. Nakala zimekwenda NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, kwa afisa mazingira, ofisi ya mtaa, na kwa mkandarasi mwenyewe. Kila ofisi tumegongewa muhuri wa kupokea kwenye nakala yetu. Hili msilisahau, barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama haikutumwa.

Mkandarasi amenipumzisha kazi. Nilitarajia.

Juzi wakaguzi wamekuja. Walikuja na boksi la barafu, Chupa ya Kioo, na chupa za kioo ndani yake, nilikukumbuka. Walichota sehemu sita kwenye viwanja na mara mbili kisimani, wakaandika kila chupa, na Wa Bondeni akasaini kama shahidi. Wameacha karatasi mkononi mwa bimkubwa. Safari hii jina lake lipo, mtaa wake upo, na maneno kwamba kisima kisitumike hadi majibu yatoke.

Vijana wa mtaa wamekifunika kwa mbao na jiwe. Maji anachota kwa jirani mwenye bomba, ndoo nne kwa siku, tunachangiana bili. Majibu yakitoka nitayaweka hapa hapa, yakiwa mazuri au mabaya.

#12 Dalali Ngamiani

Mwalimu nimempigia. Matangi yapo, mawili. Hajachimba kitu. Kesho tunakwenda pamoja ofisi ya mazingira, na nimemwambia kama ataamua kurudisha kiwanja, udalali wangu namrudishia wote.